Harufu Ilipotoka Majini

Harufu ilipotoka majini, watu walianza kujikuna. Hawakujua kwamba wanajikuna kwa sababu hiyo. Kila mmoja alidhani ni mwili wake peke yake, akajifungia ndani, akajikuna kimyakimya, kisha akatoka nje na uso wa mtu aliyelala vizuri. Ndivyo walivyo watu wa nchi ile: jambo likiwapata wote kwa pamoja, kila mmoja hulionea haya kama lake.

Nchi yenyewe haina jina, maana hakuna aliyewahi kutoka nje yake akalazimika kuitaja. Ni tope na mchanga wa maji machache, pale ambapo bahari ikipwa huacha kina kisichofika magotini mwa wanawake wanaokuja kuchokoa chaza. Watu wake ni wadogo kuliko punje ya ulezi. Ni jamii ya kamba na kaa: wana magamba, wana miguu mingi kuliko wanayoihitaji, na mikono yao ya mbele inaishia kwenye vikoleo vidogo vya kuokotea. Waliosoma, huko juu kwenye hewa, wamewapa jina refu la Kilatini na kulibandika kwenye chupa. Wenyewe hawajawahi kulisikia. Wao hujiita watu, nasi tutawaita hivyo hivyo, kwani mtu ni nani kama si yule anayejiita hivyo halafu akakosa usingizi?

Nyumba zao ni mirija. Kila mmoja hujishonea wa kwake kwa uzi unaotoka miguuni mwake mwenyewe, akiokota chembe ya mchanga moja moja na kuifungia mahali pake, mpaka mrija unamtosha kichwa na mkia. Ukuta wa huyu ni ukuta wa jirani yake. Hawahesabu siku wala miaka. Muda mfupi huhesabiwa kwa maji kujaa na kupwa, na umri huhesabiwa kwa magamba, kwa sababu mwili ukikua gamba hubana, likibana hupasuka, na anayetoka ndani yake si yule aliyeingia. Hata jina hulibeba kwa mazoea tu. Kwa hiyo walijiwekea adabu. Mtu akijivua, gamba lake la zamani husimamishwa mlangoni kwa maji mawili, na wapita njia hulisalimu gamba kwanza, kwa kirefu, wakiuliza hali na habari za nyumbani, ndipo wamgeukie mwenye nyumba mpya. Kulifunua gamba la mwenzako na kuchungulia ndani ni uchafu usiotajwa mbele ya watoto. Mtu anaweza kusamehewa wizi, lakini hilo halina msamaha.

Na katika kila mtaa yupo mmoja tu aliye dume, naye huitwa Mwenye Magando. Hakuzaliwa hivyo, hakuna anayezaliwa hivyo. Alikuwa mwanamke kama wengine, ana jina, ana shoga zake, ana ukuta anaoupenda na jirani anayemchosha. Kisha siku moja akajivua gamba akatoka na mikono miwili mizito, mikubwa kuliko mwili unaoibeba, na pale palipokuwa na mdomo pakawa pamezibika, laini kama kokoto. Tangu hapo hali, hasemi, hashoni. Watoto wote wa mtaa ni wake. Anaishi kwa kilichobaki tumboni, na kikiisha naye huisha. Harufu yake huenea majini, na maadamu ipo, hakuna mwanamke mwingine anayeota magando. Hata aliyeanza kuvimba hunywea. Ukitaka ukweli, hiyo ndiyo kazi yake kubwa: kunuka, ili wengine wabaki walivyo. Mengine yote, amri, hukumu, heshima ya kupita mbele ya mlango wake umeinama, waliyaongeza watu wenyewe. Sijui kwa nini watu wakiona mikono mikubwa hudhani ina jambo la kusema.

Mize alianza kuwashwa kwenye vifundo vya mikono. Alikuwa gamba la tano, mwembamba, mkimya, fundi wa kushona kuliko wengi, na kifuani, katika mfuko ambao wao huuita mbeleko, alikuwa amebeba mayai kumi na tisa. Alikuwa ameyahesabu mara nyingi kuliko inavyostahili. Alijua yalipolala, lipi linageuka na lipi linatulia. Yalikuwa yamebakiza maji manane yaanguliwe. Na Mize alijua maana ya kuwashwa, kwa kuwa katika gamba lake la tatu alimwona jirani mmoja akijikuna vile vile, akavimba, akajivua, akatoka na magando. Jirani yule naye alikuwa na mayai. Magando hayatoki pamoja na mbeleko. Mbeleko ilibaki ndani ya gamba la zamani, na watu wakalisalimu gamba kwa adabu zote huku mayai yakioza ndani yake, na hakuna aliyechungulia.

*

Mikono. Si yangu. Ni yangu. Maji yaliyopita iliingia mlangoni bila kugusa ukuta, sasa inagusa. Nani aliyeniita? Sikuomba. Kama mwili unaweza kuamua jambo kubwa hivi bila kuniuliza, basi mimi nimekuwa nikikaa humu kama nani? Mgeni? Mpangaji? Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Wapo. Tulia. Usijikune mbele ya watu. Maji manane tu. Wapo wote.

*

Jirani wa ukuta wa kulia alikuwa Kazija, na Kazija alikuwa na mdomo. Alizungumza akiamka, akishona, akila. Alikula ukoga wa kwenye chembe za mchanga na kusimulia ladha ya kila chembe, na akikosa la kusema alikusemea wewe. Alikuwa na watoto wawili wa kike waliokuwa wameanza kushona vimrija vyao ubavuni mwa nyumba yake, kama watoto wote wanavyofanya, mpaka maji kumi yaliyopita, ilipotoka amri ya Mwenye Magando kwamba wahamie ukingoni mwa mtaa. Walihamia. Maji yalipopwa, ukashuka unyayo wa mchokoa chaza, mmoja tu, bila hasira yoyote, na ukingo wote ukawa shimo. Kazija alinyamaza kwa muda wa maji mawili. Kisha akaanza tena kuzungumza, kwa kasi zaidi, na watu wakasema amepoa. Mize aliyekuwa akimsikia ukutani alijua kwamba hajapoa hata kidogo.

"Shoga, mbona husikiki?" Kazija aliuliza kupitia ukutani. "Umelala au umekasirika?"

"Nimechoka tu."

"Umechoka na mikono, au umechoka na mie?"

Mize akaikunja mikono chini ya kifua, ingawa ukuta ulikuwa katikati yao. "Mikono ina nini?"

"Sina jicho la kupenya mchanga, mwenzangu. Nina masikio. Tangu maji yaliyopita unagonga mlango ukipita. Hujawahi kugonga mlango wako maisha yako yote."

Mize alijivuta mbali na ukuta. Maji yalipoanza kutoka, alifanya jambo ambalo hakuna mwenye mayai anayelifanya: alitoka nyumbani akaenda katikati ya mtaa, kwenye Nyumba ya Magando, kuomba.

*

Mlangoni alikaa Bi Kidawa, gamba la nane, mzee kuliko wote, msoma magando. Kwa kuwa Mwenye Magando hasemi, lazima awepo wa kumsomea. Gando la kulia likipanda, amekubali. La kushoto likipanda, amekataa. Yakipanda yote mawili, ondoka haraka. Elimu yote ilikuwa hiyo, na Bi Kidawa aliibeba kwa uzito kama mtu abebaye maji kwenye kiganja.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Unatembea na mayai maji yakitoka? Kuna nini?"

"Nimekuja kumwomba Mwenye Magando. Namwomba harufu yake tu. Majini haimo tena. Namwomba maji manane, watoto wangu watoke, kisha liwalo na liwe."

Uso wa Bi Kidawa ulifanya kitu kidogo ambacho Mize alikuja kukikumbuka baadaye. Kisha mzee akageuka ndani, palipokaa umbo kubwa jeusi lenye mikono miwili mbele, akaliuliza kwa sauti ya heshima. Gando la kushoto likapanda taratibu.

"Amekataa," alisema Bi Kidawa. "Pole, mwanangu."

Pengine mwingine angeinama akaondoka. Mize mwenyewe alikuwa ameinama mbele ya mlango ule maisha yake yote. Lakini alikuwa mshonaji, na mshonaji huujua mkondo wa maji kwa ngozi, kwa sababu uzi usiofungwa haraka huchukuliwa. Aliyahisi maji yakipita miguuni mwake, na akaliona gando likipanda nayo. Maji yakalegea, gando likashuka. Yakasukuma tena, likapanda la kulia. Mize akangoja. Upo wakati mfupi, bahari ikimaliza kutoka na kabla haijaanza kurudi, ambapo maji husimama kabisa. Akaungoja huo.

"Muulize tena, Bibi."

"Haulizwi mara mbili."

"Basi namwuliza mimi. Unaniona? Unisikie basi. Nipe maji manane."

Maji yalikuwa yamesimama. Magando hayakutikisika, hata unywele. Na hapo Mize alifanya uchafu usiotajwa mbele ya watoto. Alipita ubavuni mwa mzee, akalishika gamba la Mwenye Magando mgongoni, mahali linapopasukia, akalifunua.

Ndani mlikuwa na maji. Maji matupu, na chembe mbili za mchanga.

*

Kuna maswali ambayo mtu akiulizwa akiwa ameshiba huyaona mazuri, akayazungusha mdomoni kama kitu kitamu. Mize alikuwa na njaa na hofu, na swali lilimjia bila utamu wowote: nani alikuwa akitutawala? Kwa maji ishirini amri zilikuwa zimetoka mlangoni pale. Watu walihamishwa, chakula cha upande wa kaskazini kilipigwa marufuku na kisha kikaruhusiwa, wawili waliogombana walipatanishwa na upatanisho ukashika. Amri zote zilikuwa za mkondo wa maji, na mkondo haukumjua mtu yeyote, haukuwa na rafiki wala adui, ulikuwa unaenda zake. Je, amri ikitoka kwa asiyekuwepo ikatiiwa na waliopo, mtawala ni nani? Ni gamba? Ni bahari? Ni mzee mlangoni? Au ni wale waliosimama nje wakingoja kuambiwa, ambao kungoja kwao kulikuwa kuzito kiasi kwamba hata kitu kitupu kililazimika kusema? Mize aliwaza hivi muda usiozidi pumzi mbili. Kisha akawaza jambo moja tu, akamgeukia Bi Kidawa.

"Watoto wa Kazija."

Mzee alikuwa ameketi chini. Alionekana mdogo ghafla.

"Sijui nilijua lini," alisema. "Maji ya kwanza nilidhani amelala. Ya pili, harufu yake ikiwa bado majini, nikasoma kama kawaida. Ukishasoma mara moja, mwanangu, huwezi kurudi nyuma ukasema hukuona kitu. Watu walikuwa wamesimama pale nje. Watu walikuwa wananitazama."

"Kazija alikuja kuuliza kama wanawe washone karibu naye."

"Gando la kushoto lilipanda. Naapa lilipanda, Mize. Sikulipandisha mimi."

"Najua hukulipandisha."

"Basi."

Maji yalianza kurudi, na nyuma yao gamba lililofunuliwa likapunga mikono yote miwili. Bi Kidawa ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake ilikuwa imerudia ukubwa wake.

"Mikono yako naiona. Nimeiona tangu umekaribia. Ukienda kusema nilisoma gamba tupu, mimi nami nitasema nani amelifunua, na nani amevimba. Watakuingiza humu kabla maji hayajajaa. Hawatauliza habari ya mayai. Mtaa hauna harufu, wanawake wote wanajikuna. Wakitoka wenye magando wanne kwa pamoja watavunjana, na nyumba zetu pamoja nao. Lazima mmoja awahi. Wewe umeshatangulia."

"Maji manane, Bibi."

"Mimi nitangoja. Mwili wako sijui kama utangoja."

*

Mwili hujivua kwa kula. Anayekula hukua, anayekua hubanwa, anayebanwa hupasuka. Kwa hiyo Mize aliacha kula. Alijifungia, akaufunga mdomo wake mwenyewe, yeye aliyeogopa kufungwa mdomo, na kwa maji mawili akaona amepata hila. Lakini mayai si mawe. Mayai yanataka kupepewa. Mama hukaa akipiga miguu midogo ya tumboni usiku na mchana ili maji mapya yapite ndani ya mbeleko, na miguu hiyo haipigi kwa hewa. Kufikia maji ya tatu miguu ilianza kulegea. Akiacha kula, mayai yangekosa pumzi. Akila, yangebaki ndani ya gamba. Njia zote mbili zilifika mahali pamoja, na mwenye kuzichora njia hizo, kama yupo, alikuwa na moyo mgumu. Mize alizunguka ndani ya mrija wake, kichwa kikienda mlangoni na kurudi, akigonga kuta, na hasira yake haikuwa na wa kumwangukia.

Ndipo akamwambia Kazija. Alimwambia karibu yote, ukutani, kwa maneno machache: harufu, mikono, mayai, gamba, chembe mbili za mchanga ndani yake. Hakutaka kumwambia habari ya mkondo, lakini Kazija hakuwa mjinga.

"Kwa hiyo ilikuwa maji tu," alisema Kazija.

"Maji tu."

"Siku zote nilijiuliza nimemkosea nini. Nililala nikijiuliza. Nikasema pengine nilipita mlangoni pake nikicheka. Hakunijua hata."

"Hakuwepo, shoga."

Halafu Mize akasikia sauti ya kula.

Ilikuwa sauti ya mtu anayekula bila kuonja. Kazija alikwangua ukoga wa kuta zake, akatoka nje akakwangua chembe za njiani, akarudi, akaendelea. Alikula maji yakijaa, akala yakitoka. Hakusimulia ladha ya kitu chochote. Mize, mwenye njaa, na miguu ya tumboni ikipiga kwa kuvutavuta, aliusikiliza ulafi ule ukutani mwake mpaka ukamtia uchungu. Kisha akaelewa, au akadhani ameelewa. Kazija naye alikuwa akijikuna. Wote walikuwa wakijikuna. Na anayekula sana ndiye anayetangulia.

"Kumbe unayataka magando," alisema Mize.

"Nayataka."

"Ili umkomeshe Bi Kidawa."

"Pengine."

"Nimekwambia siri yangu, wewe ukaona nafasi. Mimi nakufa humu na wanangu, wewe unaona cheo."

Kula kulisita kidogo. "Wewe pepea mayai yako, Mize. Kula kidogo, kiasi cha kupepea tu. Usivimbe tena, usilegee. Maji mawili. Unaweza?"

"Usiniambie la kufanya na wanangu."

Mize hakumjibu tena. Kwa maji mawili yaliyofuata Kazija alizungumza bila kupumzika, akitafuna na kusema, akisema na kutafuna. Alieleza jinsi ya kufunga chembe yenye ncha ili isikukwaruze ukigeuka. Alimsengenya jirani wa kushoto na usingizi wake. Alisimulia ndoto ambayo haikuwa na mwisho. Alitaja majina ya binti zake wawili, Tatwa na Mwanajina, akaeleza yupi alikuwa mvivu na yupi alikuwa akimwibia uzi, akacheka peke yake. "Unanisikia?" aliuliza mara nyingi. "Gonga basi hata mara moja nijue unanisikia." Mize alikuwa akisikia kila neno. Hakugonga. Alikula kiasi cha kupepea, kama alivyoambiwa, na kwa kuwa alikuwa ameambiwa na mtu aliyemkasirikia, alikula shingo upande.

Kisha ukuta ukanyamaza katikati ya sentensi.

*

Harufu ilirudi na maji yaliyojaa. Mize aliihisi kwanza kama utulivu usio na sababu, kama mtu aliyekuwa amebeba mzigo kichwani akasahau, na mwingine akautua. Mtaa mzima uliacha kujikuna. Alitazama vifundo vya mikono yake: uvimbe ulikuwa umeanza kunywea. Akayatazama mayai, kumi na tisa, yakigeuka ndani ya maji mapya. Akatazama ukuta wa kulia. Na hapo ndipo alipoelewa kweli, akajikunja juu ya mbeleko yake akalia, kwa sababu mwenzake alikuwa na maji mawili tu ya kusema maneno yote aliyokuwa nayo maishani, aliyasema yote kwake, na yeye hakugonga hata mara moja.

Watoto walitoka maji yalipokuwa yametulia, mmoja baada ya mwingine, weupe, wakijikwaa kwenye miguu yao. Kumi na tisa. Hakukosekana hata mmoja. Walikaa kidogo mlangoni, wakiushangaa mchanga, kisha wakaanza kushona ubavuni mwa nyumba ya mama yao, vibaya, kila mmoja akimwibia mwenziwe chembe. Mize hakuwa na hali kwa furaha. Lakini kila alipofurahi aligeuka kulia ili amwambie mtu.

Kwa maji mengi baada ya hapo hakuenda kwenye Nyumba ya Magando. Alijiambia watoto bado wadogo. Alijiambia miguu bado inauma. Ukweli ni kwamba aliona aibu, na aibu yake ilikuwa na haki ya kuwepo.

Alikwenda siku mtaa ulipoitwa. Watu walikuwa wamesimama nje, wamejaa, wanawake na watoto, na Bi Kidawa mlangoni. Walioishi karibu na Mize walikuwa wamelalamika kwamba watoto kumi na tisa wanaziba njia kwa vimrija vyao. Shauri lilikuwa limepelekwa kwa Mwenye Magando: wabaki kwa mama yao, au wahamie ukingoni, ambako shimo la unyayo lilikuwa limejaa mchanga mzuri mpya?

"Gando la kushoto limepanda," alitangaza Bi Kidawa, na hakumtazama Mize. "Amekataa. Wasibaki, wahamie."

Minong'ono ya kukubali ikapita. Tayari wawili watatu walikuwa wakigeuka waende kubomoa. Mize hakupiga kelele. Alipita katikati yao, akafika mlangoni.

"Nipishe, Bibi."

"Haingiwi, mwanangu. Amri imeshatoka."

"Nipishe."

Sijui mzee aliona nini usoni mwake. Alimpisha.

Ndani alikuwa Kazija. Magando yalikuwa yamelala mbele yake, mazito, ya kutisha kweli, na nyuma ya hayo ulikuwa mwili wake, mwembamba sana, ukionyesha mpaka ndani. Tumbo lilionekana lote, tangu juu hadi chini, na hamkuwa na kitu ndani yake. Pale palipokuwa na mdomo uliomchosha kila mtu palikuwa laini. Macho yalikuwa yale yale. Mize alisema yote aliyokuja nayo: kwamba ni kumi na tisa, kwamba wapo wote, kwamba mmoja ni mvivu na mmoja ni mwizi wa uzi, kwamba alisikia, kila neno alisikia, na kwamba anaomba radhi. Kazija alitaka kuinua gando. La kushoto, lililokuwa karibu na Mize. Lilipanda kidogo likitetemeka, likakaribia kumgusa, likashindwa, likaanguka. Akajaribu tena. Mize alitazama mtetemeko huo kwa makini kama alivyowahi kuyatazama maji, na hakuona mkondo wowote. Akalishika gando kwa mikono yake miwili midogo ili lisianguke tena, akakaa nalo hivyo.

Alipotoka mlangoni, mtaa mzima ulikuwa ukimngoja. Hata waliokuwa wameanza kwenda kubomoa walikuwa wamerudi.

"Amesema nini?" aliuliza mmoja.

"Gando lipi limepanda?" aliuliza mwingine. "Tuambie."

Mize aliwatazama, mmoja mmoja, watu aliowajua magamba yao yote.

"Hajasema kitu," alisema. "Ana njaa."